Neno "Gare" na Mji wa Dilolo: Safari ya Neno la Kale la Kijerumaniki katika Kiswahili

Msomaji aliyelelewa na Kiswahili cha Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akikutana na sentensi hii ya Kiswahili cha Kongo, *Zamu iko ku gare*, huenda asisite sana. Ataona kwamba *zamu* ni nomino ya ngeli ya tisa, kwamba *iko* imepatana nayo ipasavyo, na atadhani kuwa pana zamu ya kazi mahali fulani, labda penye magari. Atakuwa amekosea mara mbili. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo zamu ni mtu, yaani mlinzi, na wingi wake ni *bazamu*. *Iko* hutumika kwa watu kama itumikavyo kwa vitu. Na *gare* si gari hata kidogo. Sentensi yasema kwamba mlinzi yuko kwenye stesheni ya reli. Kosa la namna hii lina hatari kuliko kutoelewa kabisa, kwa kuwa asiyeelewa huuliza, bali aliyeelewa visivyo huendelea na kusoma.

Makala haya yanakusudia kulifuatilia neno *gare* tangu asili yake katika lugha za kale za Kijerumaniki hadi Dilolo, mji wa mpakani ulio magharibi ya Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, ambao ulipata kuitwa kwa neno hilo hilo: Dilolo-Gare. Wako wenzetu wanaokiona Kiswahili cha Kongo kuwa ni Kiswahili kilichoharibika, na wanaoyaona maneno ya Kifaransa yaliyomo kuwa ushahidi wa uharibifu huo. Sisi tunaona kinyume chake. Neno hili liliingia kwa njia inayojulikana, katika miaka inayojulikana, likiwa na kazi ambayo neno *stesheni* halikuifanya.

Tuliposema Kijerumaniki hatukukusudia Kijerumani cha leo. Tunakusudia ukoo mzima wa lugha ambao wazao wake ni pamoja na Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Katika lugha mama ya ukoo huo, ambayo haikuandikwa na ambayo wanaisimu wameiunda upya kwa kulinganisha wazao wake, palikuwa na kivumishi *\*waraz*, maana yake "mwenye hadhari, aliye macho". Nyota inayotangulia yaonyesha kuwa umbo hilo ni la kukisiwa. Kiingereza kimelihifadhi katika *aware*, *wary* na *beware*. Kijerumani katika *gewahr*. Penye shina hilo hilo palizaliwa kitenzi cha kuangalia na kuhadhari, *\*warōn*, na kingine cha kulinda, *\*wardōn*.

Wafranki, watu wa ukoo huo, waliitawala Gaul ya kaskazini katika karne ya 5 na ya 6. Waliacha lugha yao na kuchukua Kilatini cha raia wao, lakini waliingiza humo mamia ya maneno yao, hasa ya vita, ulinzi na utawala. Hapo pakatokea jambo la kifonolojia ambalo mwanafunzi wa utohozi wa Kiswahili atalielewa mara moja. Kilatini cha wakati huo kilikuwa kimekwisha kuipoteza sauti *w* mwanzoni mwa neno, kwa kuwa *w* ya kale ilikuwa imegeuka *v*. Wasemaji walipokutana na *w* ya Wafranki waliitamka kwa kuitanguliza *g*, ikawa *gw*. Baadaye katika Kifaransa cha kati sauti *w* ilidondoka ikabaki *g* peke yake. Hivyo *\*wardōn* ikawa *garder*, "kulinda". Na kitenzi cha kuhadhari kikawa *garer*, ingawa wako wanaetimolojia wanaodai kuwa hiki cha pili kilipitia kwa Wanormandi kutoka lugha ya kale ya Skandinavia. Kwa vyovyote shina ni la Kijerumaniki.

Kaskazini mwa Ufaransa mambo yalikwenda vingine. Wanormandi na Wapikadi waliiacha *w* mahali pake, na Wawaloni wa Ubelgiji wanaitamka hadi leo: kwao kulinda ni *wårder*. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na matamshi yao, na karne kadhaa baadaye Waingereza wakayachukua tena maneno yale yale kutoka Kifaransa cha Paris. Ndiyo sababu Kiingereza kina mapacha: *ward* na *guard*, *warden* na *guardian*. Neno ni moja. Limepita katika milango miwili.

Na milango hiyo miwili tunayo sisi pia, ingawa hatuitambui. Kiswahili cha Kenya na Tanzania kilichukua kutoka Kiingereza *wodi*, mahali ambapo wagonjwa wanawekwa chini ya uangalizi, na *gadi*, mlinzi au mtumishi wa treni. Kenya inayo pia *wadi* ya uchaguzi, ambayo Tanzania huiita kata. Upande wa Kongo *w* haikupata kuingia, kwa sababu Wabelgiji walitawala kwa Kifaransa cha shule na si kwa Kiwaloni cha nyumbani kwao. Huko twakutana na *garde* wa kila aina, kuanzia Garde Civile iliyoundwa Zaire mwaka 1984 hadi *garde-malade*, yaani ndugu anayekaa hospitalini kumhudumia mgonjwa wake, kumpikia na kumlinda usiku. Basi mgonjwa wa Nairobi hulala katika *wodi*, na mgonjwa wa Kolwezi hulala akiangaliwa na *garde-malade*, na wote wawili wamo mikononi mwa neno moja la Wafranki.

Tukirudi kwenye *gare* yenyewe, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba haikuanza kwenye reli wala nchi kavu. Kitenzi *garer* kilikuwa cha mabaharia na wavuvi wa mito: kukiondoa chombo njiani, kukiweka pembeni mahali pa salama. Mwishoni mwa karne ya 17 nomino *gare* iliitaja sehemu iliyotengwa kando ya mto au mfereji ambamo mashua hujitenga ili nyingine zipite. Reli zilipoanza nchini Ufaransa katika miaka ya 1830 mahali pa kupandia abiria paliitwa kwa neno jingine, *embarcadère*, ambalo nalo ni la bandarini. *Gare* ilikuwa ni ile njia ya pembeni ambapo treni moja husubiri nyingine ipite. Taratibu neno likapanuka, likachukua kituo kizima pamoja na jengo lake. Kutokana na *garer* likatoka pia *garage*, kwanza kwa mashua na treni, kisha kwa motokaa. Waingereza wakalichukua mwanzoni mwa karne ya 20, nasi tukalipokea kwao kuwa *gereji*. Mswahili asemaye kwamba gari lake liko gereji ametumia maneno mawili yasiyo na udugu wowote: *gari* ni la Kihindi, *gereji* ni la Kijerumaniki lililopitia Ufaransa na Uingereza. Kufanana kwa *gari* na *gare* ni kwa bahati tu.

Reli ya kwanza kufika Katanga ilitoka kusini, si magharibi. Mwaka 1910 njia iliyotoka Rasi kupitia Rhodesia iliingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na pamoja nayo yakaja maneno ya Kiingereza, wafanyakazi wa Rhodesia, fedha na mazoea ya Waingereza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi hofu ya Wabelgiji juu ya nguvu hiyo ya kusini ilivyochangia kukipandisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi katika Katanga. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji lugha ambayo isingekuwa ya Waingereza wala ya kabila moja la mahali hapo. Hivyo Kiswahili kilipewa madaraka katika nchi ambayo hakikuwa lugha ya mama ya mtu, na kikapewa mwajiri anayesema Kifaransa. Hatuoni sababu ya kushangaa kwamba kilijaza msamiati wake wa kazi kutoka kwa mwajiri huyo, kama vile Kiswahili cha pwani kilivyojaza msamiati wake wa bahari kutoka kwa Waarabu, Waajemi na Wareno.

Njia ya magharibi ndiyo inayotuhusu. Robert Williams, Mskoti aliyekuwa na kampuni ya Tanganyika Concessions, alipata kwa Wareno kibali cha reli ya Benguela mwaka 1902. Kazi ilianzia Lobito mwaka uliofuata, na ilichukua zaidi ya robo karne kuvuka Angola: reli iliufikia mpaka wa Kongo mwaka 1929, baada ya kilomita zipatazo 1,340. Wabelgiji walijenga kipande chao kutoka Tenke, kupitia Kolwezi, hadi Dilolo, na njia nzima ikafunguliwa mwaka 1931. Madini ya Katanga yakapata njia fupi ya kwenda Bahari ya Atlantiki.

Kabla ya hapo yalifanyika mabadilishano ya ardhi ambayo wanafunzi wengi hawayajui. Kwa mkataba wa Julai 1927 Ubelgiji iliipa Ureno kipande cha kusini-magharibi ya Katanga, kiitwacho kwa Kifaransa "buti la Dilolo" kwa sababu ya umbo lake, chenye kilomita za mraba zipatazo 3,500. Yenyewe ikapokea kilomita za mraba 3 karibu na Matadi, zilizohitajiwa kwa ajili ya reli ya Kongo ya chini. Wakazi wa buti hilo walilala katika koloni moja wakaamka katika jingine, kwa ajili ya vilima vichache vya Matadi ambavyo hawakupata kuviona. Ziwa Dilolo lenyewe, ambalo Livingstone alilipita mwaka 1854, limo ndani ya Angola.

Katika eneo hili la Walunda, Wachokwe na Waluvale, Wabelgiji walikuwa tayari na kituo cha serikali kiitwacho Dilolo. Reli haikupita hapo. Mahali treni ziliposimama, mbele ya mji wa Ureno wa Teixeira de Sousa ambao leo ni Luau, palizuka makazi mapya. Ikabidi kutofautisha: kituo cha zamani kikawa Dilolo-Poste, na makazi mapya yakawa Dilolo-Gare. Hapa ndipo ilipo hoja yetu ya kisarufi. Katika pwani *stesheni* ni jengo au mahali ndani ya mji. Mtu hutoka mjini akaenda stesheni. Huku *gare* ni jina la mji. Mtu huzaliwa *ku gare*, huoa *ku gare*, hupeleka mihogo *ku gare* bila ya kuwa na nia ya kupanda treni. Kulitafsiri neno hilo kwa *stesheni* kila linapotokea ni kuufuta mji na kuacha jengo. Anayesoma masimulizi ya wazee wa Dilolo katika tafsiri ya namna hiyo ataona watu wakiishi maisha yao yote stesheni, kama wasafiri waliokosa treni.

Mwaka 1927 iliundwa kampuni ya reli iliyoitwa kwa ufupi Léokadi, yaani Léopoldville, Katanga, Dilolo. Na baadaye ikawapo KDL, Katanga-Dilolo-Léopoldville, ambayo urithi wake uliingizwa katika shirika la taifa la reli mwaka 1974. Ni miji michache ya ukubwa wa Dilolo iliyopata kuandikwa ubavuni mwa mji mkuu wa koloni. Heshima hiyo yote ilikuwa ya *gare*.

Mpaka huo una jambo jingine la kupendeza kwa mwanaisimu. Wareno nao walilichukua neno la ulinzi kutoka Kijerumaniki, likawa *guarda*, na walinzi wao wa forodha waliitwa Guarda Fiscal. Kwa hiyo ng'ambo moja palisimama *guarda*, ng'ambo hii *garde*, na nyuma yake *gare*. Msafiri wa Kichokwe, ambaye jamaa zake wako pande zote mbili, alizuiwa na neno moja katika lugha mbili za kigeni.

Lakini *gare* ilitoka vipi katika kuhadhari ikafika katika kusubiri? Jibu halihitaji kutafutwa Ulaya. Kiswahili chetu kinalo ndani yake. *Ngoja* ni kusubiri, lakini *mngoja* na *mngojezi* ni mlinzi, na *mngoja mlango* ni bawabu. Vivyo hivyo *linda*, ambayo kwetu ni kuhifadhi na kuangalia, katika Kiganda ni kusubiri. Na Wayao husema *lindilila* kwa maana hiyo hiyo ya kusubiri. Alindaye hukaa mahali pamoja akikodoa macho, na asubiriye hufanya vivyo hivyo. Lugha za Kibantu na za Kijerumaniki zimeona jambo moja bila ya kuambiana. Hata *zamu*, ambayo Kongo imeifanya kuwa mtu, ina historia ya aina hii. Katika elimu ya bahari ya Waarabu *zām* ilikuwa kipimo cha saa tatu, kesha moja la chomboni. Pwani tulibakiza kipimo tukasahau kesha. Kongo ilibakiza kesha ikamfanya mkeshaji ndiye zamu, na Wanyarwanda nao husema *umuzamu*. Nani hapa ameharibu Kiswahili? Ikiwa kigezo ni ukaribu na maana ya asili, basi mlinzi wa usiku wa Bukavu ana madai yenye nguvu kuliko zamu yetu ya kuosha vyombo.

Kusubiri kwa Dilolo kulikuja kuwa kwa kweli. Kujitenga kwa Katanga kulikoanza Julai 1960 kulimalizika Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi, na askari wengi wa Katanga wakavuka kwenda Angola. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata reli ya Benguela, na shaba iliyokuwa ikienda Lobito ikalazimika kuzunguka: ama kwa reli na mto hadi Matadi, ama kusini kupitia Zambia na Rhodesia. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, ambao miongoni mwao walikuwamo askari wale wa zamani wa Katanga, walirudi kutoka Angola wakaiteka Dilolo katika siku za kwanza kabisa za vita vilivyoitwa vya Shaba. Walirudishwa nyuma kwa msaada wa majeshi ya Moroko. Mei 1978 waliingia Kolwezi yenyewe, na dunia ikaijua Kolwezi. Dilolo haikujulikana na mtu.

Kwa karibu miaka 40 mji huu ulikuwa na *gare* isiyopitisha treni za kimataifa. Walinzi walikuwapo, reli zilikuwapo, jina lilikuwapo. Tungekuwa washairi tungesema kuwa neno lilirudi katika maana yake ya mwanzo, mahali pembeni ambapo chombo hujitenga kikingoja njia iwe wazi. Kwa kuwa sisi si washairi tutasema tu kwamba maana za zamani za neno hazifi kwa sababu kamusi imeziacha. Hukaa, na mazingira yakirudi hurudi. Kwenye njia moja ya reli kama ile ya Tenke hadi Dilolo, ambapo treni mbili haziwezi kupishana ila mahali palipo na njia ya pembeni, maana hiyo ya karne ya 17 haikuwa ya kizamani hata siku moja. Kila mfanyakazi wa reli aliijua.

Upande wa Angola reli ilijengwa upya na kampuni ya Kichina baada ya vita kumalizika mwaka 2002, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua. Shehena za madini zilianza tena kuvuka Dilolo mwaka 2018. Sasa njia hiyo yatajwa katika magazeti ya ulimwengu kwa jina la Ukanda wa Lobito, kwa ajili ya shaba na kobalti ya Kolwezi, na upande wa Angola umekodishwa kwa kampuni za nje kwa miaka 30. Katika habari hizo Dilolo ni nukta kwenye ramani, baina ya bandari na mgodi. Katika Kiswahili cha wakazi wake ni *ku gare*.

Limebaki suala la kamusi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 ilitungwa Dar es Salaam kwa ajili ya mahitaji ya wakati wake, na hatuwalaumu watungaji kwa kutoutazama ukanda wa shaba. Lakini tangu wakati huo matini za Katanga zimepatikana kwa wasomaji wa vyuo vikuu. Mojawapo ni historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990. Mwanafunzi anayezisoma kwa kutumia kamusi ya pwani pekee atapotoshwa katika ukurasa wa kwanza, wala hatajua kwamba amepotoshwa.

Tahajia haina taabu. Neno la Kiswahili hutaka kuishia kwa irabu, na Kifaransa kimeliandika hili kwa *e* ambayo Wafaransa wenyewe hawaitamki. Mwandishi wa Kiswahili huikuta tayari imemngoja. Ngeli yake ni ya tisa na ya kumi. Tungependekeza kidahizo kiwe na maana mbili, na kwa mpangilio huu: kwanza, makazi au mtaa uliokua penye kituo cha reli, pili, kituo chenyewe. Kama mhariri atasisitiza kuongeza alama ya kuonyesha kuwa neno ni la Kongo, na aiongeze, mradi aweke alama ya namna hiyo pia mbele ya *wodi* na *gadi*, kwamba ni za upande wa Waingereza.